Kina mama: nguo za kushindia, Jumamosi

Assalaam aleikum kina mama. Jumamosi twaenda sokoni Malindi mjini saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza. Wa mitumba wawahi belo linapofunguliwa; kamera, zile nguo bora kabisa, huondoka mapema, ukifika adhuhuri utachambua fagia, yaani mabaki. Angalieni kwapa, zipu na mishono ya ndani kabla ya kuanza kupatana bei.

Mimi lakini madera ya dukani yamenichosha, mtaa mzima twavaa ua moja. Bora leso. Doti ni vipande viwili, yatosha gauni la kushindia, na pindo likikaa vizuri mikononi au chini, hutampata aliyevaa kama wewe. Ioshe kwanza, maana pamba hurudi ikilowa, halafu ndiyo umpelekee fundi. Mwambieni asiliweke jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa, makalioni (tumeshayaona hayo!). Na mifuko miwili, tafadhalini: mtoto mkono huu, kikapu mkono ule, simu utaishika na nini?

Anayekuja aandike jina lake hapa kufikia Alhamisi usiku. Wanaonyonya waje, wakubwa wabaki kwa nyanya zao.