Mdogo wangu, usiache vidonge kwa sababu ya miguu

Mdogo wangu,

Jumapili ulipoingia uani na baiskeli, mguu mmoja ulikuwa mtupu. Ndala ilikuchomoka huko Barabara ya Nane na hukuhisi. Usiku nikakusikia ukiimwagia miguu maji ya mtungi, unasema inawaka moto. Asubuhi ukaniambia unaviacha vidonge vya TB: jirani yako hapo Ngamiani alimeza vilevile na hakupata lolote, basi kwako kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Naandika hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako Tanga hii unayeficha miguu.

Kati ya dawa unazomeza imo isoniazidi, inayotibu TB tangu 1952. Kwenye ini kuna kimeng'enya kiitwacho NAT2. Kazi yake ni kuipachika dawa hiyo kipande kidogo, asetili. Ikishapachikwa haina nguvu tena, na figo huitoa kwa mkojo. Jeni ya kimeng'enya hicho iko kwenye kromosomu ya 8, nasi hurithi nakala mbili, ya baba na ya mama. Aliyepata zote mbili dhaifu, ini lake hupachika polepole: dawa ambayo kwa mwingine hupungua nusu kwa saa moja hivi, kwake huchukua kama saa tatu.

Isoniazidi ikikaa mwilini huizuia vitamini B6, na mishipa ya fahamu haiwezi bila hiyo. Miguu ndiyo huanza: ganzi, kuchomachoma, moto. Hujapimwa jeni, kwa hiyo siapi kwamba wewe ni wa polepole, ila dalili ndizo hizo. Na tiba ipo, vidonge vya B6 hiyohiyo. Kinachoniuma ni kwamba ulipolalamika kliniki uliambiwa utazoea. Usiseme tu "miguu inauma". Waeleze habari ya ndala. Na macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, usingoje kesho. Hilo ni ini.

Tena kuna sigara zako za kijiweni kwenye kahawa. Moshi wake una kemikali ziitwazo amini, zinazoleta saratani ya kibofu, na NAT2 hiyohiyo husaidia kuzizima. Wavutaji ambao NAT2 yao ni ya polepole huwa hatarini zaidi. Nakuomba, ziache.

Umebakiza miezi miwili kati ya sita. Ukikatisha sasa, TB inaweza kurudi ikiwa sugu. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, twende kliniki wote. Vaa viatu vya kufunga.

Dada yako