Mzazi wa kule Kisasa, waanze na safari fupi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi wa kule Kisasa, hapa Dodoma, aliyeandika kwamba mwanawe na wenzake watano walichanga hela wakaagiza kitabu kinene cha mchezo wa hadithi na dadu, wakakutana sebuleni kwake mara tatu, na sasa hawasalimiani. Aliuliza kama mchezo wenyewe ni kamari. Si kamari, mzazi mwenzangu, hakuna anayeweka hela mezani. Lakini kwa ulivyokieleza kitabu chenyewe, cha mnyonya damu mwenye ngome na nchi iliyozingirwa na ukungu, ninakifahamu. Kilishavunja kundi langu pia.

Mimi nina duka la kutoa kopi huku Nkuhungu, nina miaka 52 na naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Nimeingia katika mambo haya kwa ajili ya mpwa wangu, alipokuwa anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliniletea sheria za mchezo nimchapie, zile za msingi ambazo wenye mchezo wanazitoa bure kwenye intaneti, nami nikawa nasoma kila ukurasa unaotoka kwenye mashine. Umeme ulikatika katikati. Nikajikuta nimekaa gizani nataka kujua nini kinafuata.

Kwa wasiojua: mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson, nao waliuchomoa kwenye michezo ya vita inayochezwa kwa vinyago. Mtu mmoja ndiye mwenye hadithi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, awe mpiganaji, mwizi au mchawi. Mwenye hadithi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje?" Wanasema watakavyofanya, na penye mashaka dadu inaamua. Bibi zetu wangeuelewa upesi sana. Ni paukwa pakawa, ila hapa wanaoitikia pakawa wanaruhusiwa kuigeuza hadithi.

Hadithi ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao wenyewe wanaiita kampeni. Hapa Dodoma neno hilo lina wenyewe. Nilipomwambia fundi cherehani jirani yangu kwamba Jumamosi tunaanza kampeni, aliniuliza nagombea kata gani na kama fulana zipo. Tangu siku hiyo tunaiita safari.

Sasa kosa letu, ambalo nadhani ndilo la vijana wako. Mpwa alichagua Curse of Strahd, hicho hicho kitabu cha mnyonya damu, cha mwaka 2016, kwa sababu kila aliyekicheza anakisifu. Wanakisifu kwa haki. Lakini kina kurasa 256, na kinamchukua mhusika kutoka ngazi ya 1 hadi ya 10, yaani kutoka mgeni hadi mwenye nguvu. Kwa watu wenye kazi, wanaokutana mara mbili kwa mwezi, hapo unaongelea mwaka na zaidi, na sisi hata kusoma karatasi ya mhusika, ile inayoandikwa uwezo na silaha zake, tulikuwa hatujui. Tulikuwa sita: mpwa, mimi, fundi bomba, mwalimu wa sekondari, na mabinti wawili wa jirani.

Kikao cha kwanza kiliishia kwenye kujaza karatasi. Saa tatu nzima! Mwalimu alimwandikia mhusika wake historia, kijiji, hata jina la mama yake. Mpwa akaanza kueleza ukungu mzito uliofunga njia, fundi bomba akauliza ukungu gani huo, yeye hajawahi kuuona ila siku alipopita Lushoto. Ikabidi uwe vumbi. Vumbi la Agosti tunalielewa wote, na hapo angalau watu walicheka.

Kikao cha pili tukaingia katika nyumba ambayo kitabu kimeiweka mbele kwa wanaoanza ngazi ya 1. Ni nyumba ya mauti kwa jina na kwa matendo. Mwalimu akafa kabla chai haijaiva. Binti mmoja akafuata. Kikao cha tatu mwalimu hakuja, alituma ujumbe kwamba ana mitihani ya kusahihisha, na ilikuwa likizo.

Kitabu si kibaya. Kimeandikwa kwa watu wanaojua kukimbia. Nchi yake iko wazi, unaweza kwenda popote wakati wowote, na baadhi ya hapo popote pana kitu kitakachowamaliza wote kwa dakika mbili. Aliyekwisha kucheza ananusa hatari na kurudi nyuma. Mgeni anadhani kama mlango upo, basi umewekwa ili aingie. Halafu akifa anamlaumu mwenye hadithi, mwenye hadithi anamlaumu kwa kutosikiliza, na hapo ndipo salamu zinapokatika. Nadhani umeipata picha ya sebuleni kwako.

Tulipojaribu tena, tulichukua hadithi iitwayo Lost Mine of Phandelver, ile iliyotoka mwaka 2014 ndani ya sanduku la wanaoanza. Sheria zimo katika kijitabu cha kurasa 32, hadithi kurasa 64, na inaishia ngazi ya 5 hivi. Jambo ninalolisifu kuliko yote ni karatasi tano za wahusika zilizokwisha kujazwa kila kitu isipokuwa jina. Unachagua, unampa jina, unacheza. Saa kumi na robo tulikaa, saa kumi na nusu tulikuwa njiani.

Na njia yenyewe ndiyo siri yake. Hadithi inaanza na mzigo: mmeajiriwa kusindikiza gari la vifaa hadi mji mdogo wa wachimba madini, mnakuta farasi wamekufa barabarani, na vibwengo wamejificha vichakani. Hakuna anayeuliza "sasa tufanye nini?" Mzigo una mwenyewe, unapelekwa mahali panapojulikana. Mtu wa Dodoma haelezwi hilo mara mbili. Sisi tuliondoa farasi tukaweka punda, tukaufanya msafara utoke Mpwapwa kwenda Mvumi kupitia pori la Marenga Mkali, lile ambalo misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ililiogopa kwa kukosa maji. Mji mdogo ukawa wa mtemi anayedai hongo kwa kila msafara unaopita Ugogo, kama ilivyokuwa kweli. (Binti mdogo alishangaa kwamba hongo iliwahi kuwa ushuru wa wazi wa kulipia njia na maji. Fundi bomba akasema mbona hata leo watu hawajifichi sana. Tuliendelea.) Hatukugusa vita wala mapango ya kitabu. Tulibadilisha mandhari tu, na watu wakaanza kuzungumza kwa sauti zao wenyewe badala ya kuigiza Wazungu wa kwenye filamu.

Hata hivyo nayo ina miiba, na mwanao akiwa ndiye mwenye hadithi aniazime sikio hapa. Wale vibwengo wanne wa mwanzo wanaua. Mchawi wa ngazi ya 1 ana pointi za uhai ambazo hazifiki 10, mishale miwili ikimpata yuko chini. Mimi ndiye nilikuwa mwenye hadithi safari hiyo, nikamfanya kibwengo wa nne akimbie alipoona wawili wamelala, jambo ambalo kibwengo yeyote mwenye akili angefanya. Kisha ndani ya pango lao kuna mkubwa wao, jitu lenye manyoya, ambalo pigo lake ni dadu mbili za pande 8 na kuongeza 2. Ina maana anaweza kukutoa pointi 18 kwa mkupuo. Mwambie awape wachezaji nafasi ya kusema naye kwanza. Hadithi yenyewe inaruhusu mapatano mle pangoni, na wetu waliponea hapo, kwa maneno ya fundi bomba, ambaye alipatana na vibwengo kama anavyopatana na wenye nyumba.

Kuhusu dadu, mchezo unataka za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na madukani hapa mjini nimeishia kuona za pande 6 za ludo. Tulikata karatasi ngumu vipande 20, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Unatikisa, unachomoa kimoja, unakirudisha. Kukirudisha ndiko muhimu. Kikao kimoja tuligundua kipande cha 20 kimekaa mfukoni mwa mtu tangu saa kumi na moja, na simtaji kwa sababu bado ananirekebishia bomba la jikoni. Simu nazo zina programu za kurusha dadu, ila kopo lina kelele, na kelele ndiyo inayowafanya watu wasimame.

Idadi nayo itazamwe. Wachezaji wanne na mwenye hadithi wanatosha kabisa. Sita mezani, kila mmoja anangoja zamu yake mpaka anafungua simu. Wakibaki wawili tu baada ya ugomvi huu, kuna sanduku la mwaka 2019 lenye Dragon of Icespire Peak, ambalo lina utaratibu wa mchezaji mmoja na msaidizi wake, na kazi zake ni fupi fupi, unachagua kwenye ubao kama mtu anayetafuta kibarua.

Sisi safari ya Marenga Mkali tuliimaliza kwa vikao kumi na kimoja, tukiruka viwili kwa sababu ya msiba na kimoja kwa sababu kwaya ilikuwa na tamasha. Siku ya mwisho nilikaanga mihogo, na watu walibaki hadi saa tatu usiku wakibishana nani alistahili upanga.

Kitabu cha mnyonya damu wasikiuze. Cha kwetu kiko kabatini juu ya rimu za karatasi, na mwezi ujao tunakifungua tena, wote sita, mwalimu akiwemo. Alikuja dukani juzi kuchukua karatasi mpya ya mhusika. Nilimwona anaijaza pale kaunta: jina, ngazi, silaha. Mahali pa familia amechora mstari, akasema atamtafutia mama akishavuka ngazi ya 3.

Msomaji wako,
Mama wa duka la kopi,
Nkuhungu, Dodoma