Giaboksi nyingi huharibiwa siku inapofungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, wauzaji wa vipuri na wenye magari. Giaboksi nyingi za mtumba zinazofungwa kwenye injini ambayo hazikuja nayo haziharibiki kwa uchakavu, bali huharibiwa siku ileile ya kufungwa, kisha lawama zote humwendea aliyeziuza.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni ule wa Toyota Noah za toleo la SR40 zenye injini ya 3S-FE, ambazo nyingi ziliingia nchini zikiwa za otomatiki na baadaye wamiliki wakataka zibadilishwe ziwe za manyuali, hasa wale wanaobeba abiria. Sipingi uamuzi huo, kwa kuwa kazi hiyo inawezekana na gari likadumu miaka mingi. Ninachopinga ni dhana kwamba jina la injini likishafanana basi giaboksi itakubali. Injini hiyohiyo ya 3S-FE ilifungwa pia kwenye Corona na Camry, lakini huko imekaa kwa kukingama, upande kwa upande wa gari, na kuendesha magurudumu ya mbele, kwa hiyo giaboksi ya huko haina nafasi kwenye Noah, ambayo huendeshwa na magurudumu ya nyuma.

Madhara makubwa hutokea pale injini na giaboksi zinapoungana. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki mara nyingi haina ile beringi ndogo inayokaa mwishoni mwa krenki, yaani shafti kuu ya injini, na kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Fundi asipoiweka, shafti inacheza, na klachi, sinkronaiza (ringi zinazolainisha kuingia kwa gia) na beringi ya mbele ya giaboksi huanza kuliwa taratibu, bila mwenye gari kusikia lolote kwa wiki kadhaa. Vivyo hivyo, boliti zilizoshika bamba jembamba la otomatiki nyuma ya krenki ni fupi kuliko zile za flaiwili, lile gurudumu zito linalokaa mahali hapo kwenye gari la manyuali. Anayezirudishia kwenye flaiwili huwa ameishikilia kwa nyuzi chache tu, na kifaa kizito namna hiyo kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika si cha kufanyiwa majaribio chini ya miguu ya abiria. Halafu kuna zile pini mbili za kuelekezea zilizo kati ya injini na gamba la giaboksi. Nimekuta magari ambayo pini hizo zimetupwa kwa sababu zilionekana kuwa kikwazo, ilhali kazi yake ni kuhakikisha shafti na krenki zinakaa kwenye mstari mmoja. Wenzetu wanaojenga magari ya mashindano huko Marekani huupima mstari huo kwa kipimo chenye uso kama wa saa (dial gauge), na hawakubali upotofu unaozidi takribani milimita 0.13. Boliti za kuzunguka gamba haziwezi kulinda kipimo kidogo hivyo, kwa kuwa matundu yake yana nafasi ya kucheza.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la kuvuta giaboksi kwa boliti. Ikiwa giaboksi imegoma kuingia hadi mwisho, kuna sababu: klachi pleti haijakaa katikati, au meno ya shafti hayalingani na ya pleti. Ni wajibu wa fundi kuishusha na kutafuta sababu hiyo, si kukaza spana mpaka gamba lipasuke. Wala giaboksi isiachwe ining'inie kwa uzito wake wote kwenye shafti wakati msaidizi anatafuta boliti, kwani kitovu cha klachi pleti hupinda. Itegemezwe kwa jeki muda wote. Kwa upande wa otomatiki hatari ni kubwa zaidi. Toki konveta, ile inayopokea nguvu ya injini mahali pa klachi, inapaswa kuzungushwa huku ikisukumwa mpaka iingie yote ndani ya pampu, na gamba likishagusana na injini, konveta ibaki na mwanya mdogo kabla ya kufungwa kwenye bamba. Mwanya huo usipokuwepo, pampu inavunjika au krenki inasukumwa mbele na kula beringi yake ya pembeni, na hapo ubovu wa giaboksi umegeuka kuwa ubovu wa injini.

Kuhusu oili nitasema kwa kifupi: iwekwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa giaboksi iliyofungwa, si ya ile iliyotolewa, na tukumbuke kwamba baadhi ya oili za gia za daraja la GL-5 hula shaba ya sinkronaiza.

Ombi langu kwa wauzaji wa vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, na kwingineko ni kwamba giaboksi ya manyuali iuzwe kama seti, pamoja na flaiwili na boliti zake, klachi nzima, stata, mguu wa giaboksi na propela shafti ya urefu wake, zote kutoka kwenye gari moja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao wangetusaidia sana kwa kozi fupi ya jioni kuhusu kazi hii peke yake, kwa mafundi ambao tayari wako gereji. Na mwenye gari, kabla hajalipa, amwombe fundi amwonyeshe pini mbili na ile beringi ndogo kabla giaboksi haijapandishwa, kwa sababu ikishapanda hakuna awezaye kuviona tena.

Fundi magari,
Morogoro