Umenunua priampu mpya na kelele haijaondoka? Anza na jeki uliyochomeka

Malalamiko yanayotufikia kuliko mengine yote ni haya: mteja amenunua priampu ya nje (kifaa cha kukuza sauti ya maiki), ameiunganisha na interfesi yake (kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), amevaa hedfoni, na lile "shhh" alilotaka kuliondoa liko palepale au limezidi. Anaona ametapeliwa. Hasira yake tunaielewa, maana pesa imemtoka. Ila tukikiweka kifaa mezani na kukipima, mara nyingi ni kizima kabisa. Ama kimechomekwa pasipo pake, ama kelele yenyewe haikuwa ya priampu tangu mwanzo.

Interfesi nyingi za nyumbani zina jeki ya pamoja: tundu moja linapokea plagi ya XLR (ile ya duara yenye pini tatu) na pia plagi nene ya milimita 6.35. Kwa nje huonekana mlango mmoja, lakini ndani kuna njia mbili. XLR inapeleka sauti kwenye priampu ya interfesi. Plagi ya milimita 6.35 inaipeleka kwenye njia ya laini, yaani ya sauti iliyokwisha kukuzwa. Ukitoka kwenye priampu yako mpya kwa waya wa XLR na kuingia interfesi kwa XLR, umeweka priampu juu ya priampu. Ya nje inatoa wastani wa dBu 4 (dBu hupima ukubwa wa umeme wa sauti), na vilele vinaweza kupanda hadi dBu 20, wakati ingizo la maiki la interfesi nyingi linajaa karibu na dBu 9 au 10 hata geini (kiwango cha kukuza sauti) ikiwa chini kabisa. Sauti inapasuka. Mteja anashusha geini ya priampu mpya hadi karibu na sifuri, anapandisha ya interfesi, na sasa kazi yote inafanywa na priampu ileile aliyotaka kuikwepa.

Dawa yake ni waya mmoja: XLR upande wa priampu, plagi ya milimita 6.35 yenye pete mbili nyeusi (TRS) upande wa interfesi. Zima kitufe cha gitaa, weka geini ya interfesi chini kabisa, kisha kuza kwa priampu ya nje hadi vilele vifike kati ya desibeli -12 na -10 kwenye programu ya kurekodia. Hakikisha 48V ya interfesi (umeme unaolisha maiki za kondensa) imezimwa kabla hujachomeka chochote. Volti 48 zikirudi kwenye tundu la kutolea la priampu kwa waya wa XLR, zinaweza kuunguza kapasita au IC (chipu) ya mwisho. Mafundi wetu wanaitambua hitilafu hiyo haraka, na haimo kwenye dhamana ya mtengenezaji yeyote tunayeuza bidhaa zake.

Sasa kelele yenyewe. Kila priampu ina kipimo kinachoitwa EIN: kelele inayotoka nayo, ikihesabiwa kana kwamba imeingia mlangoni pamoja na sauti ya maiki. Kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri ndivyo kifaa kilivyo kimya. Mpaka hauwekwi na mtengenezaji, unawekwa na maumbile: rezista ya ohm 150, ambayo ndiyo ukinzani wa kawaida wa maiki, ina kelele yake kutokana na joto la chumba tu, na kwa upana wa hadi kHz 20 inafika karibu dBu -131. Hakuna priampu duniani itakayoshinda hapo. Interfesi nyingi za siku hizi zinasoma karibu -128. Kwa hiyo priampu bora kuliko zote, iwe na bei ya gari, inaweza kukupunguzia desibeli 3, au tuseme 5 kama kipimo kwenye boksi kimefanywa kwa uzani wa A unaopendezesha namba. Ukisogea kutoka sentimita 20 hadi 10 mbele ya maiki, sauti yako inapanda desibeli 6 juu ya kelele zote, ya priampu na ya chumba, bila kutoa hata senti. Tunawaambia wateja hivi kabla hatujawauzia kitu, na wapo wanaodhani hatutaki biashara.

Maiki inayoleta mashaka haya mara nyingi ni Shure SM7B. Unyeti wake, yaani umeme inaoutoa kwa sauti ya kiasi fulani, ni mV 1.12 kwa Paskali moja. Rode NT1-A, ya kondensa, inatoa mV 25 kwa sauti ileile, yaani zaidi ya mara 22, sawa na tofauti ya desibeli 27. Mwenye SM7B anahitaji geini ya desibeli 60 na zaidi, na interfesi yake huenda inaishia 56. Hapo ndipo watu wanapokimbilia njia ya mkato: kale ka-busta kadogo kanakochomekwa katikati ya waya na kula umeme wa 48V, kakiongeza desibeli 25 hivi. Kakiwa kazuri kanakuwa na kazi yake, hasa kama priampu yako ni ya zamani yenye EIN mbaya. Kwenye interfesi ya -128 utapata geini zaidi lakini ukimya karibu uleule. Jaribu hivi kwanza: rekodi kwa biti 24, acha vilele vibaki -20, kisha ongeza desibeli 10 ndani ya programu. Geini ikishavuka desibeli 50, karibu kelele yote unayosikia imeingia mlangoni. Kuipandisha kwa kitasa au kwa programu ni mamoja. Wengi huishia hapo na hawahitaji kununua kitu.

Njia ya mkato ya pili ni priampu ya valvu (taa ya kioo inayokuza sauti, ya mtindo wa zamani) ya bei ya chini. Valvu inawaka vizuri nyuma ya dirisha dogo, lakini kifaa kinaendeshwa na adapta ya volti 12. Valvu ya 12AX7 inayofanya kazi yake sawasawa inataka volti 200 hadi 300 kwenye bamba. Kwenye vifaa hivi mara nyingi anayekuza sauti ni IC, na valvu inaongeza mkwaruzo tu. Mteja wetu anayesoma vitabu vya kusikiliza alinunua kimoja, akaona sauti imekuwa nene kwa siku chache za kwanza, kisha mchapishaji akamrudishia faili zote kwa sababu ya kelele kati ya sentensi. Alirekodi upya kitabu kizima, na gharama ya kazi hiyo ingemnunulia priampu safi.

Kuhusu bei zetu, tuseme wazi. Umeme wa 48V unafika kwenye maiki kupitia rezista mbili za kilo-ohm 6.8, moja kwa kila mguu wa sauti. Kanuni ya kimataifa inataka zifanane kwa tofauti isiyozidi asilimia 0.4, kwa sababu zikipishana, mngurumo wa 50 au 60 Hz unaoingia kwenye waya haujifuti tena. Rezista za kawaida za asilimia 1 zinaweza kupishana zaidi ya hapo. Sisi tunazipima kwa mita moja moja na kuzioanisha kabla ya kuzichomelea. Kazi hii haionekani kwenye picha ya bidhaa, ila inasikika siku unapovuta waya wa mita 30 kando ya nyaya za taa. Ongeza transfoma ya kuingizia ndani ya kopo la mu-metali linalozuia sumaku, swichi ya geini yenye hatua badala ya kitasa kinachoruka desibeli 10 mwishoni mwa mzunguko, na pawasaplai ya ndani isiyovuma. Ukiona mbili zinazofanana kwa nje na bei zimeachana sana, mambo haya ndiyo yameondolewa kwenye ile rahisi.

Priampu ya nje ina mahali pake hasa. Maiki ya riboni mbele ya kwaya au ala za nyuzi, mita mbili mbali, inataka geini ya desibeli 65 hadi 70 iliyo safi, na ingizo lenye ukinzani mkubwa: angalau mara kumi ya ule wa maiki, vinginevyo besi inapungua. Riboni yenyewe ni utepe wa alumini wenye unene wa mikroni 2 hivi. Waya wenye mguu mmoja uliokatika, pamoja na 48V iliyowashwa, unatosha kuuvuta ukalegea, na kuubadilisha kunagharimu kuliko nyaya zote za chumba chako. Jaribu kila waya kwa mita kwanza: pini 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3.

Kama unataka rangi badala ya ukimya, yaani ule unene wa transfoma ambao watu wanautafuta kwenye Neve 1073 ya mwaka 1970, hilo ni jambo la masikio yako. Njoo na maiki yako mwenyewe ujaribu. Hatutakuambia itapunguza kelele.

Kabla ya kutuletea kifaa, fanya kipimo hiki. Chukua plagi ya XLR ya kiume, chomelea rezista ya ohm 150 kati ya pini 2 na 3, funga kifuniko chake cha chuma. Weka geini pale unaporekodia, rekodi sekunde 30 ukiwa umechomeka plagi hiyo, kisha sekunde 30 ukiwa na maiki chumbani bila kusema kitu. Ya pili ikiwa juu sana, unasikia feni, friji na barabara. Zikilingana na zote ziko juu, priampu ina kesi ya kujibu. Ukisikia mluzi mwembamba, chomoa chaja ya kompyuta urudie. Tutumie faili zote mbili bila kuzichuja, pamoja na picha ya jinsi nyaya zilivyochomekwa. Ada ya kupima mezani tunaikata kwenye bei ukinunua kwetu. Usiponunua, inabaki kuwa malipo ya saa ya fundi.