Kufungia gesi ndani ya bloki

Goma

Ndugu yangu Mugisho,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Umeuliza kama kaboni dioksidi inaweza kweli kufungwa ndani ya zege isitoke tena, na kama wewe unaweza kufanya hivyo hapo Bukavu unapofyatulia bloki. Inawezekana.

Simenti inaanzia kwenye mawe ya chokaa. Kilo 100 za mawe hayo zikichomwa, zinabaki kilo 56 na kilo 44 zinapanda hewani kama gesi ya kaboni dioksidi. Simenti mbichi yenye unyevu ikikutana tena na gesi hiyo, inaimeza na kurudi kuwa jiwe la chokaa. Jiwe hilo hata ulisage, gesi haitoki. Inatolewa na asidi au moto unaopita nyuzi 800.

Kampuni ya CarbonCure ya Kanada inapuliza gesi ndani ya zege wakati linachanganywa. Kipimo ni kidogo sana: ukiweka 0.2% ya uzito wa simenti, ni gramu 100 kwa mfuko wa kilo 50. Faida kubwa iko kwingine. Zege linaongezeka nguvu, basi simenti inapunguzwa kama 5%, na hizo kilo 2.5 zisizotumika zinaepusha karibu kilo 2 za gesi. Lakini njia hiyo inataka mitambo na zege jingi kila siku.

Kwako kinachofaa ni chumba kisichovuja. Bloki ikishafyatuliwa, iache kwanza ipungue maji. Hapa ndipo wengi wanaharibu: vitundu vikijaa maji gesi haipenyi, na bloki ikikauka kabisa hakuna maji ya kufanya kazi. Mfuko mmoja ukikupa bloki 30, kila bloki ina kama gramu 650 za maji. Subiri ipoteze gramu 200 hadi 250. Tumia mizani, usikadirie kwa macho. Kisha panga bloki zikiwa zimeachana, funga, ingiza gesi, washa feni ndogo, na unyevu wa hewa uwe kati ya 50% na 70%. Kazi hiyo inatoa joto, na maji yatatoka kwenye bloki kama mvuke na kuwa matone kwenye dari. Dari iwe na mteremko, la sivyo matone yatadondokea bloki na kuziba vitundu tena. Baada ya saa 24, toa bloki na uzimwagilie siku kadhaa, maana kuna simenti ndani ambayo bado haijafanya kazi.

Kujua gesi imefika wapi, vunja bloki na upulizie fenolftaleini, dawa ya kupimia inayobadilika rangi, ya 1% katika spiriti. Panapogeuka rangi ya waridi gesi haijafika; panapobaki bila rangi imefika.

Usitie humo kitu chenye vyuma, linta wala nguzo. Ukali wa chokaa, pH karibu 13, ndio unaozuia kutu. Gesi ikiushusha chini ya 9, chuma kinaanza kuliwa.

Sasa hesabu. Ukifanikiwa kufunga 10% ya uzito wa simenti, ni kilo 5 kwa mfuko. Chupa ya kilo 30 inaisha kwa mifuko 6, tena bila kuvuja. Ukibadilisha 20% ya simenti kwa puzolani, yaani mawe yetu ya volkano yaliyosagwa laini kama unga, unaepusha kama kilo 8 kwa mfuko, bila chupa yoyote. Mimi ningeanza hapo. Ila usichanganye njia hizi mbili mara moja: puzolani na gesi zinagombania chokaa ile ile. Na bloki za puzolani zinachelewa kukomaa, zimwagilie wiki mbili au zaidi.

Gesi yenyewe, tafuta ya kiwanda cha bia, inayotoka kwenye uchachushaji. Ya chini ya Ziwa Kivu iache. Ilikuwa imelala huko tayari, kuitoa hakusafishi hewa.

Tena chumba kisiwe shimo. Mazuku, yale mabonde yenye gesi inayoua, unayajua: gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, na ikifika 10% mtu anazimia ndani ya dakika chache. Fungua milango miwili, feni izunguke, kipimo cha gesi kiwekwe usawa wa goti, ndipo mtu aingie.

Nitumie uzito wa bloki zako, mbichi na baada ya saa 6, nikupangie muda wa kusubiri.

Wako,
Kambale