Mkataba wa makao ya watoto useme nani yuko macho saa nane usiku

Ndugu Mhariri,

Leseni ya makao ya watoto ni ruhusa ya kufungua mlango. Haisemi nani atakuwa macho saa nane usiku, mtoto wa miaka minne anapoamka akilia katika bweni lenye wenzake kumi na mmoja. Hilo ni jambo la mkataba. Halmashauri zetu za mkoa wa Dodoma, kuanzia Jiji hadi Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, zinapomkabidhi mtoto kwa makao ya taasisi ya dini au asasi ya kiraia, ziandike masharti ambayo mkaguzi anaweza kuyahesabu. "Huduma bora" haihesabiki. "Mazingira rafiki" hayahesabiki.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, na kanuni za makao ya watoto zipo. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala, nao wa mwaka 2009, unataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe ndani ya familia. Kwa hiyo sharti la kwanza liwe la mlangoni: kabla mtoto hajapokelewa, afisa ustawi wa jamii aoneshe kwa maandishi kwamba bibi, shangazi, mjomba na familia ya kuaminika wametafutwa, na kila mmoja amejibu nini. Katika dharura mtoto apokelewe usiku huohuo, lakini karatasi hiyo ifike ndani ya siku saba. Isipofika, hakuna atakayeirudia kazi hiyo, na mtoto atakuwa mwenyeji wa kituo kwa miaka.

Tuanze na wafanyakazi, maana hapo ndipo makao mengi huanguka. Kosa la kawaida ni kumwajiri "mama mlezi" mmoja anayelala kituoni siku saba za wiki. Hesabu inakataa. Wiki ina saa 168. Sheria ya ajira inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nafasi moja inayotakiwa kujazwa mchana na usiku inahitaji watu wanne, na wa tano wa kushika zamu wakati wa likizo na ugonjwa. Mzabuni akileta bajeti yenye walezi wawili kwa bweni, anasema bila kutamka kwamba usiku watoto watajilinda wenyewe, na wakubwa watawalinda wadogo au watawadhuru. Kwa maoni yetu, mkataba uweke mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka mitatu, mmoja kwa watoto wanane wa umri wa shule, na usiku mlezi mmoja aliye macho kwa kila bweni lisilozidi vitanda 12. Askari wa getini asihesabiwe. Mlezi wa usiku aandike daftarini kila saa nani ameamka, nani ana homa, nani amekojoa kitandani. Daftari lililojazwa kwa kalamu ileile na mwandiko uleule wa haraka kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili limeandikwa asubuhi, na mkaguzi mzoefu huliona mara moja.

Bweni lenyewe lina hatari moja inayosahaulika: nondo za madirishani. Tunaziweka kwa sababu ya wezi, kisha mlango unafungwa kwa kufuli kwa nje, umeme unakatika, mtu anawasha mshumaa karibu na chandarua. Mkataba udai dirisha moja la kila bweni liwe na nondo zenye bawaba, zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo, na mlango ufunguke kuelekea nje. Moto wa wazi usiingie bwenini. Taa ya sola itoshe.

Maji. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mgao unajulikana na kila mkazi. Watoto 30 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 600 kwa siku. Tangi la lita 5,000 litawafikisha siku ya nane. Kituo chenye tangi moja la lita 2,000 hakimalizi hata siku nne, na kinachopunguzwa kwanza huwa ni kunawa mikono na kufua mashuka. Hilo nalo liwe kwenye mkataba kwa tarakimu.

Chakula kinataka umakini wa peke yake katika kanda hii. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Watoto wa makao hula ugali na uji kutoka gunia moja kila siku. Gunia likiwa na sumu, hakuna anayepona kwa kula nyumba nyingine. Makao ya watoto 30 hutumia karibu kilo 15 za unga kwa siku, yaani kilo 450 kwa mwezi. Wasimamizi hushawishika kupokea mahindi ya msaada yaliyolowa au kununua ya bei ya chini mwishoni mwa msimu. Mkataba uwaruhusu, na uwalipe mapema, wanunue baada ya mavuno, kwa mfano sokoni Kibaigwa, mahindi makavu yaliyopepetwa, wayahifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zisisagwe kwenye unga wa lishe. Kukaanga hakuiondoi sumu yote, wala kuchemsha.

Dawa zihesabiwe kama fedha. Mtoto aliyepewa vidonge 60 tarehe 1, viwili kwa siku, asubuhi ya tarehe 16 kabla hajameza lazima awe na vidonge 30. Vikibaki 38, dozi nne za siku nzima hazijamezwa, na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI yuko hatarini wakati daftari linaonesha alama ya vema kila siku. Kabati lifungwe, anayetoa dawa na anayeshuhudia wote watie saini, na hali ya mtoto isibandikwe ukutani jikoni.

Ukaguzi uliopangwa kwa simu na kituo hauna thamani. Mashuka mapya hutandikwa saa moja kabla ya gari kufika. Tunapendekeza ziara nne kwa mwaka zisizotangazwa, moja ikiwa usiku na moja Jumapili. Mkaguzi alinganishe rejesta, vitanda na miswaki. Majina 34, vitanda 30 na miswaki 19 ni taarifa kamili kabla hajamuuliza mtu swali. Azungumze na watoto bila mlezi kuwepo, kwa lugha wanayoijua: mtoto aliyetoka kijijini Chamwino anaweza kujieleza vizuri zaidi kwa Kigogo. Sanduku la maoni halimsaidii asiyejua kuandika. Namba 116 ya simu ya mtoto ibandikwe mahali pa chini, usawa wa macho ya mtoto, na iwepo simu anayoweza kuifikia bila kuomba ufunguo kwa yule anayetaka kumlalamikia.

Sasa malipo, ambayo ndiyo huamua mengine yote. Fedha ikilipwa kwa kichwa kwa siku, kila mtoto anayerudi kwao ni pengo kwenye bajeti ya kituo. Hata msimamizi mwema ataanza kuona kasoro kwa kila shangazi anayejitokeza. Marekani walikutana na tatizo la namna hiyo. Sheria yao ya mwaka 2018 inasitisha fedha za serikali kuu baada ya wiki mbili kwa mtoto aliyewekwa kwenye makao ya kundi, isipokuwa kwa aina chache za vituo. Kwa vile vya tiba, inatakiwa mtoto apimwe mahitaji yake ndani ya siku 30, mahakama iamue ndani ya siku 60, na familia isaidiwe angalau miezi 6 baada ya mtoto kutoka. Bajeti yao si yetu, lakini saa ya ukutani, yaani kuweka muda wa mwisho, tunaweza kuinunua. Mkataba wetu ugawe malipo mara mbili: sehemu isiyobadilika ya mishahara, ulinzi na maji, inayolipwa kila robo mwaka kabla ya robo kuanza, na sehemu ya kila mtoto, ambayo iendelee kulipwa kwa miezi mitatu baada ya mtoto kurudishwa kwenye ukoo au malezi ya kambo, kwa sharti la kumtembelea angalau mara mbili na kuandika alikula nini, analala wapi na kama anakwenda shule. Malipo yakichelewa, jiko ndilo hulipa: kwanza hupotea maharage, kisha dagaa, kisha mlezi wa usiku.

Kifungu cha kuvunja mkataba kiandikwe siku ya kusaini, si siku ya ugomvi. Kitaje orodha ya kila mtoto na mahali atakapokwenda, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na faili, cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki viondoke na mtoto siku hiyohiyo, si kwa basi la wiki ijayo. Isipokuwa kuna hatari kwa usalama wao, wa darasa la saba wasihamishwe kabla ya mtihani wa Septemba, wala wa kidato cha nne kabla ya ule wa Novemba.

Wadau wa ustawi wa jamii,
Dodoma