Bondia apimwe kwa aliopigana nao, si kwa sifuri iliyomo katika rekodi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala ambao kwa muda sasa umetawala mabaraza yetu, hapa Wete na hata kwa ndugu zetu wa Unguja, kuhusu nani anastahili kuitwa bondia bora kuliko wote waliowahi kupanda ulingoni. Vijana wengi jibu lao ni Floyd Mayweather, kwa kuwa amepigana mapambano 50 ya kulipwa na hakupoteza hata moja. Wakubwa wao huwajibu kwa Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa na ushindi 49 bila ya kushindwa. Ninawaheshimu mabondia wote wawili, lakini kipimo chenyewe sikikubali.

Rekodi isiyo na doa hutueleza matokeo tu. Haitwambii mpinzani alikuwa nani, wala kama alikutwa angali na nguvu zake au zimekwisha. Marciano alipomwangusha Joe Louis mwaka 1951, Louis alikuwa na umri wa miaka 37, tena alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi ulingoni kwa sababu ya madeni ya kodi. Hakuwa tena yule aliyeushika ubingwa wa uzito wa juu tangu 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25. Mayweather naye pambano lake la 50, la mwaka 2017, alicheza na Conor McGregor, mtu ambaye hakuwa amewahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa. Haki inanitaka nikiri kwamba huyu Mayweather alimshinda Canelo Álvarez mwaka 2013 kwa ufundi wa hali ya juu, na kwamba katika kujilinda sijui wa kumfananisha naye. Hata hivyo, ushindi wa aina hiyo ndio unaompa sifa, na si ile sifuri.

Bondia ninayemweka mbele ya wote ni Sugar Ray Robinson wa Marekani, ambaye katika maisha yake ya ulingoni alishinda zaidi ya mapambano 170 na kushindwa 19. Tarehe 5 Februari 1943, mjini Detroit, alipoteza pambano la kwanza katika ngumi za kulipwa mbele ya Jake LaMotta, mtu aliyemzidi uzito. Hata mwezi haukwisha, akarudi kukutana na LaMotta yule yule katika mji ule ule, na akamshinda. Walikutana mara sita kwa jumla, Robinson akashinda tano, na ya mwisho, Februari 1951 mjini Chicago, mwamuzi alilazimika kuisimamisha katika raundi ya 13 na mkanda wa uzito wa kati ukahama. Miezi michache baadaye alishindwa na Randy Turpin mjini London, na kabla ya mwaka kumalizika akaurudisha ubingwa wake mjini New York. Mwaka 1952 alipanda uzito kumkabili Joey Maxim katika joto kali mno, hata mwamuzi akashindwa kuendelea baada ya raundi ya 10 na kubadilishwa. Robinson alikuwa akiongoza kwa pointi kwa majaji wote, lakini joto lilimmaliza, naye hakuweza kuinuka kwa raundi ya 14. Kwa kipimo cha vijana wetu, usiku ule ni doa.

Wapo wanaosema kwamba tunamsifu mtu tusiyemwona, kwa kuwa filamu za miaka yake bora kabisa, alipokuwa katika uzito wa welta, ni chache sana. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana nawaomba watazame iliyopo: pambano la Mei 1957, ambapo Robinson, akiwa na umri wa miaka 35, alimlaza Gene Fullmer kwa konde moja la mkono wa kushoto katika raundi ya tano. Fullmer hakuwa amewahi kuangushwa kwa nokauti, na miezi minne kabla yake ndiye aliyemnyang'anya Robinson ubingwa.

Najua kwamba kumweka Muhammad Ali katika nafasi ya pili kutawaudhi wengi, nami mwenyewe nampenda mno. Lakini hata Ali alimtaja Robinson kuwa ndiye aliyemwiga na kumtukuza. Tena maisha ya Ali yanaithibitisha hoja yangu kuliko ya mtu yeyote. Alishindwa na Joe Frazier mwaka 1971, akashindwa na Ken Norton mwaka 1973, na wote wawili akarudi kuwashinda. Usiku ule wa Kinshasa, Oktoba 1974, bondia ambaye hakuwa amepata kushindwa alikuwa George Foreman, mwenye ushindi 40, aliyewamaliza Frazier na Norton kila mmoja ndani ya raundi mbili. Ali ndiye aliyekuwa na madoa, na katika raundi ya nane Foreman alikuwa chini.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba katika orodha za mabaraza yetu jina la Azumah Nelson wa Ghana halitajwi kabisa. Julai 1982 aliitwa kwa muda mfupi kwenda New York kupigana na Salvador Sánchez, bingwa wa uzito wa unyoya, wakati ambapo nje ya Afrika ni wachache waliomjua. Alisimama naye hadi raundi ya 15 kabla ya kusimamishwa. Miaka miwili baadaye alikwenda Puerto Rico na kumwangusha Wilfredo Gómez mbele ya watu wake mwenyewe, akawa bingwa wa dunia. Lile pambano lake na Sánchez linaonekana katika rekodi kuwa ni kushindwa, na hakuna pambano lililomjenga kuliko hilo.

Jambo hili si la porojo za jioni tu. Ngumi zilipigwa marufuku hapa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na ni katika utawala wa Rais Hussein Mwinyi ndipo ziliporuhusiwa tena. Tunalea sasa kizazi cha kwanza cha mabondia wetu baada ya miongo mingi. Kijana akifundishwa kwamba thamani yake imo katika kutoshindwa, mwalimu na mwandaaji wa mapambano watamtafutia wapinzani dhaifu, na siku atakapokutana na bondia wa kweli atakuwa hana alichojifunza.

Kwa hivyo naliomba gazeti lako, kila linapochapisha rekodi ya bondia, awe wa kwetu au wa nje, lichapishe pamoja nayo majina ya wapinzani wake watatu au wanne wa karibuni na hali zao wakati walipokutana, ili msomaji aweze kuhukumu mwenyewe.

Msomaji wako,
Wete, Pemba